Darubini ya dhiraa moja: kutoka kuta za Malta hadi ukuta wa Majengo

Kijana aliyeniuzia darubini hii ya macho mawili, kwenye kiduka cha kamera za mtumba katikati ya jiji la Nairobi, alinitoa hadi mlangoni akanielekeza niitazame KICC, lile jengo refu la mikutano. "Mama, hebu ona vile inavuta." Nikatazama. Nikaona madirisha ya juu kabisa, sawa. Lakini sikuwa nimekuja kununua kitu cha kuvuta KICC. Nikarudi ndani, nikalaza noti ya shilingi mia juu ya kaunta, nikainama mpaka darubini ikawa dhiraa moja tu kutoka kwenye ile noti, nikazungusha gurudumu taratibu. Ndevu za Mzee Kenyatta zikaja, mchirizo kwa mchirizo, hadi pale wino ulipomeguka kwenye mkunjo. Bei ilianzia 13,000, tukavutana, tukaishia 9,500. Hiyo ilikuwa Januari 2019, na tangu siku hiyo sijanunua kitu kilichonifaa kuliko hicho.

Jina la kampuni naliacha. Hii yangu ilikuwa na mwenyewe kabla yangu, na si haki kukihukumu kiwanda kizima kwa darubini moja ya mtumba. Utaitambua kwa maandishi 6.5×21: namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ni ndogo, inaingia mkobani pamoja na leso na chupa ya maji, na uzito wake ni kama gramu 290. Namba hizo hazimvutii mtu. Watazama ndege wanaokutana nami msitu wa Karura hubeba 8×42 au 10×42, na wakiiona yangu hudhani ni ya mtoto. Namba yenye maana haikuandikwa kwenye ganda, nayo ni ule umbali mdogo kabisa ambao darubini bado inaona wazi. Nyingi za kawaida hushindwa kitu kikiwa karibu kuliko mita mbili au tatu, na zile za zamani hata mita tano. Hii inaona wazi hadi sentimita 50, yaani kama dhiraa moja.

Piga hesabu. Kitu kilichoko sentimita 50 kikikuzwa mara sita na nusu, ni kama umekiweka sentimita nane mbele ya jicho. Mtu mzima wa kawaida hawezi kuona wazi kwa karibu namna hiyo, seuze mimi wa miaka 52, ambaye hata gazeti nalisukuma mbali ndipo herufi zitulie.

Siri yake iko kwenye lenzi za mbele. Jaribu kutazama ncha ya pua yako: macho yote mawili yanaingia ndani. Mapipa ya darubini ya kawaida hayana uwezo huo, yanatazama mbele sambamba daima, kwa hiyo ukikisogelea kitu unaona duara mbili zilizoachana na kichwa kinaanza kugonga. Katika hii, kadiri unavyozungusha gurudumu kuelekea karibu, lenzi mbili za mbele zinasogeleana nyuma ya kioo cha kinga. Ukiigeuza na kuichungulia kwa mbele unaziona zikitembea. Mara ya kwanza kuziona nilicheka peke yangu kwa furaha, maana aliyeibuni alikuwa amewafikiria watu wanaopenda vidogo vilivyo karibu.

Nami nilikuwa mmoja wao tangu utotoni. Mimi ni mzaliwa wa mtaa wa Majengo, Pumwani. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, na nyufa zake zilikuwa na wapangaji wengi kuliko vyumba. Usiku mjusi kafiri alining'inia kando ya taa, mchana mjusi wa mistari aliota jua kizingitini. Wavulana wa mtaa waliwawinda wale wa usiku kwa makubazi, kwa kile kisa tulichosimuliwa chuoni, kwenye masomo ya Kurani, kwamba mjusi aliupulizia moto aliotupwa Nabii Ibrahimu. Wa mchana hawakuwa na kesi yoyote, lakini walikufa pia, kwa kuwa jiwe halichagui. Mimi nilikaa kizingitini nikiwatazama mpaka mama aniite mara tatu. Nilichokosa miaka yote hiyo ni kuwaona bila kuwashika.

Februari 2019 nikaenda Malta kumtunza mzee mmoja mjane katika kijiji cha Siġġiewi. Nilikaa huko karibu miaka minne. Nilimwita Nannu, ndilo neno lao la babu. Niliondoka nikidhani nitakuwa bubu. Kumbe lugha yao mzizi wake ni Kiarabu, nasi Kiarabu tumekikopa sana. Bahari wanaiita baħar, kitabu ni ktieb, na Nannu alipohesabu vidonge vyake, sitta, sebgħa, nami nilikuwa nahesabu naye.

Nyuma ya nyumba palikuwa na vishamba vilivyogawanywa kwa kuta za mawe ya chokaa yaliyopangwa bila saruji wala udongo. Mawe makubwa yanakaa nje pande mbili, kifusi kinajazwa katikati, na ukuta unasimama miaka kwa ufundi wa mpangaji tu. Wao huuita ħajt tas-sejjieħ. Kwa mwenye shamba ule ni mpaka, tena ni kizuizi cha udongo usichukuliwe na mvua. Kwa mjusi ni mji kamili: upande wa jua wa kuota asubuhi, upande wa kivuli wa kukimbilia mchana, matundu ya kulala, mashimo ya kujificha paka, na sisimizi na buibui wa kula bila kwenda mbali.

Huyo mjusi Nannu alimwita gremxula, na x yao husomwa kama sh yetu. Wataalamu wanamwita Podarcis filfolensis. Hapatikani popote duniani ila visiwa vya Malta na visiwa viwili vidogo vya Italia, Linosa na Lampione. Kutoka puani hadi mzizi wa mkia ana kama sentimita saba, na mkia wenyewe ni karibu mara mbili ya hapo. Rangi zake hazishikiki: mmoja kijani, mwingine kahawia, wa tatu kijivu chenye madoa meusi, wote kwenye ukuta mmoja. Dume ni mkubwa zaidi na kichwa kipana, na majira ya kuchipua koo na tumbo lake huwaka rangi ya chungwa au manjano.

Hapo darubini ilianza kazi, na hapo niwaambie kweli ambayo muuzaji hatakwambia: sentimita 50 ni uwezo wa darubini, si ruhusa ya mjusi. Siku ya kwanza nilipokaribia hivyo walimwagika wote ndani ya mawe kama maji. Nikajifunza. Saa mbili asubuhi, baada ya dawa na chai, namsukuma Nannu kwenye kiti chake hadi chini ya mkarobu, naweka kigoda mita moja na nusu kutoka ukutani, naegemeza viwiko magotini, nanyamaza. Dakika kumi, kumi na tano, kichwa kimoja kinachomoza. Umbali huo wa mita moja hadi mbili ndio wanaokuvumilia, na ndio hasa ambao darubini za kawaida haziuwezi. Kwa hiyo hata kama hutafika kwenye zile sentimita 50, pesa yako haijapotea. Kulikuwa na dume mmoja tu, mwenye mkia uliokatika, aliyefika kunizoea hadi dhiraa moja. Nilimwita Kibutu.

Kwa Kibutu nilijifunza mengi kuliko niliyojifunza kwa mijusi wote wa utotoni. Akitoka asubuhi anakuwa mweusimweusi na mzito. Anatandaza mbavu mpaka mwili unakuwa bapa kama jani, anauelekeza ubavu kwenye jua, na wakati mwingine ananyanyua nyayo zote nne asiguse jiwe lililo baridi bado. Anafumba macho, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kope ya chini ndiyo inayopanda kulifunika jicho. Nyuma ya jicho kuna tundu la sikio, na ngozi ya ndani unaiona iking'aa kama utando wa maziwa. Juu ya utosi, kwenye gamba la katikati, kuna doa dogo lililofifia. Doa hilo ni kama jicho la tatu. Haliumbi picha, linahisi mwanga tu, na humsaidia mwili wake kupima jua na majira. Miaka 46 nilikuwa nimewatazama mijusi bila kujua kwamba ndugu zao wana kitu cha namna hiyo utosini.

Ulimi wake umepasuka ncha. Kila akifika jiwe jipya anaulamba upepo, anaurudisha kinywani, na harufu inasomwa na kiungo kilichoko kaakaani. Madume wawili wakikutana, wanainamisha vichwa, wanavimbisha koo ili rangi ionekane, wanazungukana kwa ubavu. Mara nyingi mmoja anaondoka bila vita. Wakiumana, wanaumana kweli, na nilimwona mmoja akiburutwa kichwa chini mpaka akaanguka kwenye mnanaa. Wakati wa kupandana dume humshika jike ubavuni kwa mdomo, na alama ya meno hubaki kwenye tumbo la jike kwa siku kadhaa. Jike mmoja alitaga kwenye chungu changu cha mrehani. Nilikiacha chungu bila kupandwa kitu kiangazi kizima, na siku moja ya Agosti nikaona juu ya udongo kitu chembamba kama sindano ya kushonea magunia, kina macho.

Mkia wa Kibutu aliuchukua paka wa jirani, nami nilikuwapo. Watu hudhani mkia hukatika kwenye kiungo baina ya pingili. Hapana, hukatika katikati ya pingili yenyewe, mahali palipoandaliwa tangu kuumbwa kwake, na misuli ya pale hubana damu isimwagike. Mkia ukabaki ukirukaruka mbele ya paka, mwenyewe akaingia ukutani. Ule uliota upya hauna mfupa ndani, una ufito wa gegedu tu. Kwa darubini unaona mshono: magamba ya zamani yamepangwa kwa pete safi, ya mpya ni membamba na yamekosa mpangilio, rangi imepauka. Kwa mishono hiyo niliweza kuwatambua mijusi 11 wa ukuta ule mmoja mmoja, kila mmoja na mahali mkia wake ulipoishia. Kuna darubini ya kawaida inayoweza kukuonyesha hilo ukiwa umekaa? Sijaiona.

Mwezi wa Septemba matunda ya mpungate yalianguka chini ya ukuta, na nilimkuta Kibutu ameingiza pua ndani ya tunda lililopasuka, analamba. Nilishangaa, kwani nilimjua kama mla sisimizi. Baadaye nikaelewa kwamba kwenye visiwa vidogo vyenye wadudu haba, mijusi wa jamii hii hugeukia mimea. Kisiwa cha Aire, karibu na Menorca ya Uhispania, kina binamu yake mweusi, Podarcis lilfordi. Huko kuna mmea ambao ua lake hunuka mzoga na kutoa joto ili kuwavuta nzi. Mijusi walianza kwa kukaa juu ya ua hilo kupata joto na kuwanasa nzi wanaokuja. Kisha wakajifunza kula matunda yake. Mbegu zinazopita tumboni mwao huota vizuri, na mmea ukaongezeka sana kisiwani. Mdudu, ua, joto, mjusi, mbegu, vyote vimefungana pale. Tangu nisome hayo sipiti ua lolote lililo karibu na ukuta bila kulipa dakika tano.

Jina filfolensis limetoka kwenye Filfla, kisiwa cha mwamba kilomita kama tano kutoka pwani ya kusini ya Malta. Binti yake Nannu alitupeleka siku moja hadi Għar Lapsi, na kikawa mbele yetu, bapa juu, wima kandoni, kama kipande cha keki kilichosahauliwa baharini. Waingereza walikitumia kama shabaha ya mabomu na mizinga hadi 1971. Nannu alikumbuka madirisha ya nyumba yao yakitetemeka enzi za ujana wake. Leo ni hifadhi, hakuna kushuka bila kibali. Kati ya mawe yaliyoporomoka, mengine kwa mabomu hayohayo, kuna ndege wadogo wa baharini wanaotaga kwa wingi, na kuna gremxula wa Filfla, mweusi, mwenye madoa ya kibluu na kijani, mkubwa kuliko ndugu zake wa kisiwa kikuu. Alivumilia mabomu ya jeshi. Niliinua darubini yangu nikaona mwamba na povu tu. Kwa umbali ule haina kazi, na sikuidai.

Wale wa Selmunett, visiwa vidogo upande wa kaskazini, hawakuwa na bahati hiyo. Walikuwa na umbo na rangi yao wenyewe, na mwanzoni mwa karne hii wakatoweka. Hapakuwa na bomu. Walikuja watu kupunga upepo, wakaacha mabaki ya chakula na chupa, panya wakapata pa kuishi, na inadhaniwa hao ndio waliowamaliza. Nilipoambiwa hilo nililia, na sioni haya kulisema. Kiumbe aliyekaa juu ya mwamba mmoja maelfu ya miaka amalizwe na mfuko wa takataka!

Sasa kasoro, maana haya ni maoni juu ya darubini.

Ya kwanza ni kina cha uono. Ukiwa dhiraa moja, sehemu inayoonekana wazi ni nyembamba sana. Jicho la mjusi likikaa sawa, mkia wake ni ukungu. Mkono ukitikisika kidogo, kila kitu kimepotea. Chini yake kuna tundu la kufungia stendi ya miguu mitatu, na nakushauri ulitumie, au uegemeze viwiko kama mimi. Ya pili ni gurudumu. Kutoka karibu hadi mbali kuna mizunguko mingi. Ukiwa unatazama siafu kisha mwewe akapita angani, sahau mwewe. Nimempoteza zaidi ya mmoja hivyo.

Ya tatu ni mwanga. Lenzi ya milimita 21 haikusanyi mwanga mwingi. Magharibi ikishaingia picha inakuwa ya majivu, na kwa viumbe wa usiku unahitaji taa karibu. Raba za machoni, ambazo huzungushwa zikapanda au kushuka kwa wenye miwani, zimelegea upande wa kulia. Nimeifunga yangu kwa uzi. Mkanda wa shingoni niliutupa mwaka wa kwanza nikashona wangu kwa kitambaa cha leso.

Ya nne ndiyo kubwa: haizuii maji. Aprili 2024, katika zile mvua zilizofurisha jiji, nilinaswa soko la Muthurwa na mkoba wa nguo begani. Kufika nyumbani, ndani ya lenzi kulikuwa na ukungu kama dirisha la matatu asubuhi. Fundi wa kwanza niliyempelekea aliigeuzageuza mara mbili akasema imekufa, niinunue nyingine, na yeye atanichukulia hii kwa mia tano. Nikaondoka. Wa pili nilielekezwa na mama muuza miwani: ghorofa ya tatu ya jengo moja River Road, meza ndogo dirishani, mzee mwenye lenzi imefungwa kwenye paji la uso.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Leta tuone mgonjwa." Akaishika kwenye mwanga kwa muda mrefu bila kusema. "Hii haijafa. Ina baridi tu."

Hakuifungua siku hiyo. Aliilaza ndani ya mkebe uliojaa vile vipakiti vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu kunyonya unyevu, akanitaka nirudi baada ya siku tatu. Niliporudi aliifungua mbele yangu, akanionyesha uzi mwembamba wa kuvu uliokuwa umeanza pembeni ya prizimu, akaufuta kwa kijiti na kitambaa kisicho na nyuzi, akafunga. Shilingi 1,500. Aliniuliza naitazamia nini. Nilipomwambia mijusi, hakucheka. Alisema kwao Kitui kuna wenye vichwa vyekundu wanaopiga pushapu juu ya mawe, na kwamba yeye kila akienda nyumbani huwatazama hadi leo. Fundi wa namna hiyo ni wa kumtunza. Tangu siku hiyo darubini hulala kwenye mkebe wa maziwa ya unga pamoja na vipakiti vyangu vitano, na mvua ikitisha inabaki nyumbani.

Nilirudi Majengo mwishoni mwa 2022, baada ya kumzika Nannu. Nilidhani darubini itakosa kazi. Ukuta wetu siku hizi ni wa mawe na saruji, matundu machache. Lakini asubuhi ya pili nyumbani niliona mkia unaingia nyuma ya tangi la maji, nikaenda kuchukua kigoda.

Mjusi wa mistari ndiye yule yule wa kizingiti cha mama yangu, mistari miwili ya rangi ya maziwa mgongoni. Kwa darubini ni kiumbe mwingine kabisa na gremxula. Yule wa Malta mgongo wake ni punje punje ndogo, kama umemwagiwa mchanga. Huyu wetu magamba yake yanalaliana kama vigae, yanang'aa, na ukisogea vizuri unaona kila gamba lina vituta vyembamba vilivyoinuka kwa urefu wake. Tena hatagi mayai, anazaa watoto hai. Machi mwaka huu niliwahesabu wadogo watano siku moja pembeni ya tangi, mikia yao bado mizima. Karibu miaka 50 katika mtaa mmoja naye, nami sikujua kwamba anazaa.

Kwa kinyonga ndiyo usiseme. Shemeji yangu ana ua wa kayaba upande wa Limuru, na humo wanaishi wale wa pembe tatu usoni. Kinyonga hakimbii, kwa hiyo zile sentimita 50 unazitumia zote. Unaona jicho likizunguka ndani ya kope lililofunga kila kitu ila tundu dogo la katikati, na vidole vimefungwa mafungu mawili vikishika kijiti kama koleo. Wa nyumbani waliogopa, wakanitaka ninawe kwa ndimu. Nilinawa kwa heshima yao, kesho yake nikarudi kwenye ua. Na wa ukoo hasa wa gremxula nao wapo Kenya, hata kwenye nyasi za baridi juu ya milima ya Aberdare. Hao bado ninawawekea nauli.

Jioni watoto wa nyumba huja. Chini ya balbu ya barazani mwanga unatosha, na mjusi kafiri haogopi mtu akinyamaza. Mjukuu wa dada yangu, msichana wa miaka tisa, alitazama muda mrefu kisha akasema, "Bibi, huyu hana kope! Anajilamba jicho!" Ni kweli, na mimi sikuwa nimemwambia. Jicho lake limefunikwa na kigamba angavu, na ulimi ndio kitambaa chake. Nikamwambia kwamba huko Malta wanamwita wiżgħa, neno lile lile la Kiarabu, wazagha, lililomo kwenye kisa cha chuoni. Akauliza kama wa huko nao hupigwa makubazi. Kaka yake alikuwa ameshika kubazi mkononi wakati huo. Alivua na la pili, akayaweka yote mlangoni, akaomba zamu yake ya kutazama.

Kwa anayetaka kununua: ziko za aina mbili za umbo hili, ya mara 6.5 na ya mara 8.5. Chukua 6.5. Ile nyingine inakuza zaidi, lakini mtikisiko nao unakua, picha ni nyembamba na giza huiwahi mapema. Ukiwa dukani usikubali kutolewa nje kutazama majengo. Omba noti, uisome ukiwa dhiraa moja, na uhakikishe duara zote mbili zimekuwa moja. Zikikataa kuungana, lenzi moja imekwama, rudisha. Kisha imulike kwa tochi ya simu kutoka mbele na uchungulie kwa nyuma: nyuzi kama za buibui ni kuvu, na hapo bei ishuke au uache. Zungusha gurudumu kutoka mwanzo hadi mwisho ukisikiliza. Likikwaruza, kuna mchanga.

Yangu siuzi, na siazimi mtu kwenda nayo nyumbani. Ukitaka kuijaribu njoo Majengo asubuhi isiyo na mawingu. Jua linafika kwenye ukuta wa tangi saa tatu kasorobo, na kigoda cha pili kipo.